Dizeli ni nzito kwa maana ipi?

SWALI: Kitabu cha kemia ninachofundishia kinasema dizeli ni "nzito" kuliko petroli. Mwanafunzi mmoja amepinga: dizeli huelea juu ya maji, itakuwaje nzito? Neno hilo limetumika sawasawa?

JIBU: Limetumika sawasawa. Mwanafunzi wako naye ana hoja, ila yeye analinganisha na maji wakati kitabu kinalinganisha na petroli. Lita ya petroli ina gramu 740 hivi, ya dizeli 840 hivi, ya maji 1,000. Kwa mizani, dizeli inaizidi petroli, na maji yanazizidi zote mbili.

Lakini -zito kwa Kiswahili haliishii kwenye mizani. Uji mzito si uji wenye kilo nyingi, ni ule usiomiminika upesi. Kwa maana hiyo dizeli ni nzito hata kuliko maji inayoelea juu yake! Sifa hii huitwa mnato, na darasani ningelitumia neno hilo ili kuepusha ubishi kama huo. Kisha kuna -epesi ya tabia, kama tunavyosema mtu mwepesi wa kusahau: petroli ni nyepesi kushika moto, kwa kuwa hugeuka mvuke hata pasipo kupashwa joto.

Mafuta ghafi yanapokenekwa, yaani yanapochemshwa ili mvuke wake utenganishwe ndani ya mnara, sifa hizi tatu hufuatana, ndiyo maana waandishi huzirundika kwenye neno moja. Molekuli zenye kaboni chache huchemka mapema, na mvuke wake hupanda hadi sehemu za juu za mnara. Petroli huchemka chini ya nyuzi 200 za Selsiasi hivi. Hufuata mafuta ya taa, kisha dizeli hadi karibu 350. Chini kabisa hubaki mafuta mazito ya meli, pamoja na lami, ambayo ni nzito kwa kila maana: kwa kawaida huzama majini, haimiminiki vizuri mpaka ipashwe moto, na kuiwasha ni kazi.

Kalamu nyekundu ningeitunzia sentensi nyingine inayopendwa vitabuni: "petroli huyeyuka upesi". Kinachoyeyuka ni kitu kigumu kinapogeuka kimiminika, kama nta, ambayo nayo hupatikana katika mafuta hayohayo. Petroli ni kimiminika tayari. Andika "hugeuka mvuke upesi".