Kwa wazazi Wakatoliki mnaoanza kuwasomesha watoto nyumbani hapa Marekani

Kabla hamjanunua kitabu hata kimoja, tafuteni watu. Nasema hivi kwa sababu karibu kila mzazi mpya kwenye jumuiya yetu ya Waswahili hapa Texas huanza kwa kuuliza anunue vitabu gani. Vitabu vipo, tena vingi na vizuri. Kinachowafanya wazazi waache katikati ya mwaka ni upweke. Mama yuko ndani na watoto watatu, ndugu zake wote wako ng'ambo, baba yuko barabarani na lori au amelala mchana kwa sababu ya zamu ya usiku, na hakuna wa kumwambia kwamba mtoto wa miaka saba kugoma kuandika ni jambo la kawaida.

Sheria tuimalize mapema. Kusomesha nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50, ila kila jimbo lina utaratibu wake. Hapa Texas, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua mwaka 1994 kwamba nyumba inayofundisha kwa dhati inahesabiwa kama shule binafsi. Mnatakiwa kuwa na mtaala wa maandishi wenye kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema, basi. Pennsylvania ni habari nyingine: hati ya kiapo, siku 180 za masomo au saa 900 kwa mwaka kwa watoto wa msingi na 990 kwa sekondari, na mtathmini anayepitia kazi za mtoto. New York wanataka mpango wa masomo wa kila mtoto na ripoti kila robo mwaka. Someni sheria ya jimbo lenu wenyewe, msitegemee ya rafiki aliye jimbo jingine. Na kama mtoto alishaandikishwa shule ya serikali, pelekeni barua ya kumwondoa kabla hajaanza kukosa siku, kisha mtunze nakala.

Upande wa Kanisa, wako wanaohofu kwamba wanakwenda kinyume na padre. Ondoeni hofu hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, ulisema wazi kwamba wazazi ndio waelimishaji wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 914, inapozungumzia maandalizi ya Komunyo ya Kwanza, inawataja wazazi kwanza, halafu paroko. Wazazi na paroko, wote wawili. Kwa hiyo nendeni mkamwone paroko mapema, mwaka mmoja au miwili kabla. Parokia nyingi hapa zina darasa la dini la lazima kwa Komunyo na Kipaimara, na mapadre wengine hukubali mtoto afundishwe nyumbani kisha aulizwe maswali. Mkienda kwa heshima na daftari la mtoto mkononi, mazungumzo huwa mepesi. Mkisubiri hadi Kwaresima, mmechelewa.

Sasa vitabu. Zipo shule za Kikatoliki zinazotuma mtaala mzima nyumbani. Seton Home Study School, iliyoko Front Royal, Virginia, ilianza mwaka 1980. Hutuma vitabu na mipango ya kila siku, husahihisha mitihani na kutunza matokeo. Inamfaa mzazi anayetaka kushikwa mkono, lakini kazi za kuandika ni nyingi, na hamlazimiki kufanya kila ukurasa. Kolbe Academy na Mother of Divine Grace hufuata elimu ya kale, yenye historia ndefu, Kilatini na vitabu vikubwa vya fasihi. Nawashauri msinunue mtaala kamili mwaka wa kwanza kwa mtoto mdogo. Mtoto wa darasa la kwanza anahitaji kusoma, kuhesabu, sala na katekisimu, na saa mbili za utulivu zinamtosha. Hisabati mtaipata bure kwenye tovuti ya Khan Academy. Kadi ya maktaba ya umma ni bure na watoto huazima vitabu kwa kapu. Vikundi vya wazazi huuziana vitabu vilivyotumika kila majira ya joto, na ndipo mtakapovishika na kuvikagua kabla ya kutoa pesa.

Hapo narudi kwenye watu. Karibu kila jimbo kubwa la Kanisa (dayosisi) hapa lina kikundi cha familia zinazosomesha nyumbani, zinazokutana kwa Misa ya katikati ya wiki, masomo ya sayansi ya pamoja na michezo. Ulizeni ofisi ya parokia. Mtakuta familia nyingi za Kimarekani zenye watoto sita au saba, na mwanzoni mtajiona wageni. Nendeni hivyo hivyo. Na ile Jumuiya Ndogo Ndogo tuliyolelewa nayo, maaskofu wa Afrika Mashariki waliyoifanya kipaumbele katika miaka ya 1970, msiiache uwanja wa ndege. Familia nne za Kiswahili zikikutana Jumamosi, rozari ikasaliwa, watoto wakasomeana Injili ya Dominika na mama mmoja akawafundisha nyimbo, hilo ni darasa la dini, la lugha na la muziki kwa wakati mmoja.

Mgumu kuliko wote atakuwa bibi. Atapiga simu kutoka Moshi au Bukoba aulize: "Watoto bado hawaendi shule?" Kwake shule ni sare, kengele na cheti, na amewahi kuuza ng'ombe ili ninyi mfike hapo. Uchungu wake ni wa haki, msibishane naye. Mpeni kazi. Kwenye jumuiya yetu kuna bibi anayepigiwa video kila Jumatano. Mjukuu humsomea sura ya Biblia kwa Kiswahili, na bibi humsahihisha matamshi, humfundisha Salamu Malkia na kumweleza jinsi katekista wa kigango chao alivyotembea kwa miguu kuwafundisha. Malalamiko yalikwisha, na mtoto amepata mwalimu wa Kiswahili ambaye hakuna shule ya hapa ingempa. Mkumbusheni pia bibi habari ya Karoli Lwanga. Mwaka 1886 aliwafundisha wavulana wa ikulu dini ndani ya mahangaiko, akambatiza Kizito, na hao ndio Mashahidi wa Uganda. Naye Mtakatifu Teresa wa Lisieux alifundishwa nyumbani na dada zake hadi umri wa miaka minane na nusu. Hili la dada litazameni vizuri: mtoto wenu wa miaka kumi na mbili anaweza kumsikiliza mdogo wake akisoma, na wote wawili wakafaidika.

Kuhusu zamu, acheni kuiga ratiba ya shule. Baba akirudi saa moja asubuhi, salini Malaika wa Bwana naye kabla hajalala, na masomo ya sauti yaanze saa nne, chumba cha mbali. Mama muuguzi mwenye zamu za wikiendi afundishe Jumatatu hadi Alhamisi na Ijumaa ipumzike. Mwaka wa liturujia unasaidia mno kupanga: Majilio mwelekee nyimbo, hadithi na kazi za mikono, mwezi wa Oktoba rozari, na wiki baada ya Pasaka mfunge vitabu kabisa. Mkiona mama analia jioni mbili mfululizo, punguzeni masomo, msiongeze. Na ikibidi mtoto arudi shule ya parokia mwaka ujao, arudi kwa amani. Shule hiyo nayo ni mkono wa Kanisa.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu, hasa kuanzia darasa la tisa. Vyuo vikuu vya hapa hupokea rekodi ya masomo iliyoandaliwa na mzazi, mradi iwe safi: jina la somo, vitabu vilivyotumika, mwaka na alama. Iandikeni kila Juni wakati bado mnakumbuka, na muitunze nakala moja nje ya kompyuta.