Mtandamboo kama makazi ya ndege bustanini
Umeuliza kama mtandamboo, kichaka cha asili chenye miiba mirefu, unafaa kupandwa bustanini ili kuvutia ndege. Unafaa sana, ndugu yangu, mradi uwe mbali na mahali watoto wanapochezea. Maua yake meupe yenye harufu nzuri huwaita nyuki, na matunda yake, ambayo yakiiva hugeuka kutoka nyekundu hadi zambarau iliyokolea, huliwa na ndege, ambao pia hupata mahali pa kujenga viota katikati ya matawi, ambako paka hupenya kwa shida. Mwagilia hadi ushike mizizi. Msimu wa viota usiupogoe kabisa. Nyakati nyingine, tenganisha matawi taratibu na uchungulie kwanza. Majani makavu yaliyoanguka chini yaache, kwani mijusi hujificha humo.