Pumu na pumzi: jibu kwa aliyeuliza kuhusu inhela ya pili

Mkuu, pole kwa hofu mliyoipata usiku ule. Umeuliza mambo mawili: kwa nini mdogo wako anasema hewa haiingii wakati unamwona anahema mbio mbio, na kwa nini daktari kampa inhela ya pili ya kuvuta kila siku ilhali ile ya bluu inamtuliza ndani ya dakika chache. Nina pumu tangu nikiwa na miaka 6, sasa nimevuka 30. Hilo swali la pili nililijibu vibaya kwa miaka mingi, na karibu liniondolee uhai, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Tuanze na pumzi. Mapafu yana mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, kila tawi jembamba kuliko lililotangulia, hadi kwenye vifuko vidogo ambako damu huchukua oksijeni. Kwa mwenye pumu, ukuta wa ndani wa mirija hiyo huwa umevimba na ni mwepesi kuchokozeka. Ukichokozwa na moshi, vumbi, mafua, manyoya ya paka, hewa baridi, hata kicheko kirefu, misuli inayouzunguka mrija hukaza, ukuta huzidi kuvimba, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Mrija mwembamba ukipungua ukabaki nusu ya upana wake, ukinzani wa hewa hupanda kama mara 16. Ndiyo maana mtu aliyekuwa anaongea vizuri jioni, saa tisa usiku anashindwa kumaliza sentensi moja.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Kazi iliyo ngumu zaidi ni kutoa hewa. Ukivuta, kifua kinatanuka na kuivuta mirija ifunguke kidogo. Ukitoa, kifua kinashuka na kuibana mirija ambayo tayari imesongwa, na ule mluzi unaousikia kifuani hutokea hasa wakati huo. Hewa ya zamani haitoki yote. Pumzi mpya inakaa juu yake, inayofuata juu ya hiyo, mpaka kifua kinajaa. Wewe huna pumu, kwa hiyo jaribu hivi: vuta hewa hadi mwisho kabisa, kisha toa kidogo tu, vuta tena kidogo, toa kidogo, endelea huko huko juu kwa sekunde 20. Mabega yatapanda yenyewe na utaanza kuingiwa na wasiwasi. Hicho ndicho mdogo wako anachokiita hewa haiingii. Anasema kweli, haina pa kuingia. Kumwambia "vuta pumzi ndefu" hakumsaidii. Mkalishe wima, ainame kidogo mbele, mikono juu ya magoti. Usimlaze.

Nije kwenye inhela. Ile ya bluu kwa kawaida ni salbutamoli. Inalegeza misuli iliyokaza, inafanya kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake hudumu kama saa 4 hadi 6. Uvimbe hauguswi. Ya pili ina steroidi kwa kiasi kidogo, nayo ndiyo inayoshughulika na uvimbe, taratibu, kwa siku na wiki. Haikupi nafuu ukiivuta, huhisi chochote, na kwa sababu hiyo wengi wetu tunaiacha.

Mimi niliiacha nikiwa na miaka 24. Nilikuwa nimekaa miezi kadhaa bila shida, nikajiona nimepona. Ya bluu ikabaki mfukoni. Mwanzoni mara moja kwa wiki, baadaye kila asubuhi, baadaye nikawa naamka usiku kuitafuta gizani. Kopo lenye mipulizo 200 lilikuwa linaisha kabla ya mwezi kwisha, na sikuona kama hiyo ni taarifa. Kisha nikapata mafua ya kawaida. Usiku wa tatu nilivuta ya bluu mara mbili, sikupata nafuu. Nikavuta tena, hakuna kitu. Mluzi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba waliolala chumba cha pili waliamka. Baada ya muda mluzi ukapungua, ukanyamaza, na mmoja wao akasema kwa furaha kwamba kifua kimetulia. Nilimsikia, sikuwa na pumzi ya kumjibu. Kifua kilikuwa kimenyamaza kwa sababu hewa iliyokuwa inapita haikutosha hata kupiga mluzi. Mkuu, likumbuke hilo kuliko yote niliyoandika: mgonjwa akinyamaza kifuani huku amechoka, anasinzia au midomo inabadilika rangi, hiyo ni hatari kubwa, kimbieni hospitali.

Nilipotoka wodini nilipewa kipima pumzi, kile kidude cha plastiki unachokipuliza kwa nguvu kikakuonyesha namba. Namba yangu nzuri ni 480. Siku hiyo nilipuliza 290, na nilikuwa nawaambia watu kwamba sasa niko sawa kabisa. Mwili wangu ulikuwa umezoea kubanwa, ukaniambia huo ndio uzima.

Kwa hiyo usimpime mdogo wako kwa anavyojisikia. Muulize anatumia ya bluu mara ngapi kwa wiki, na kama pumu inamwamsha usiku. Ikizidi mara mbili kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa hata kama anacheka mchana kutwa. Tangu 2019 miongozo ya GINA, mpango wa kimataifa wa kupambana na pumu, haishauri tena mtu mzima au kijana aliyebalehe atibiwe kwa ile ya bluu peke yake. Zipo pia inhela zinazobeba dawa zote mbili kwa pamoja. Ni vizuri amuulize daktari wake kama zinamfaa.

Kuhusu hofu ya "kuzoea": nimeisikia tangu utotoni. Steroidi ya kuvuta haileti uraibu. Kipimo chake huhesabiwa kwa mikrogramu na sehemu kubwa ya kazi yake inafanyika kwenye mirija yenyewe, tofauti na vidonge vinavyozunguka mwili mzima. Madhara ya kawaida ni sauti kukwaruza na utando mweupe mdomoni. Asukutue kwa maji na kutema kila baada ya kuvuta.

Jambo la mwisho, na nalisisitiza, ni namna ya kuvuta. Nilikuwa na miaka 18 ya pumu nilipoambiwa na muuguzi, "Hebu vuta nikuone." Nikavuta. Akasema, "Umeulisha ulimi." Ilibidi nitikise kopo, nitoe hewa kwanza, nifunge midomo vizuri, nibonyeze nikiwa nimeanza kuvuta polepole, kisha nibane pumzi hadi nihesabu 10. Kama mpulizo wa pili unahitajika, nusu dakika ipite kwanza. Spesa, yaani kile kichupa cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo, inarahisisha sana, hata kwa mtu mzima. Ikikosekana, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni kwa umbo la mdomo wa inhela inaweza kushika nafasi yake: inhela inaingia kitakoni, midomo inashika shingo ya chupa. Ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe, kwa sababu ukiifuta kwa kitambaa dawa hunata kwenye plastiki.

Shambulio likija, mpulizo mmoja mmoja kupitia spesa, kila baada ya nusu dakika hadi dakika moja, hadi mipulizo 10. Asipopata nafuu, au akishindwa kuongea sentensi nzima, au ukaona ngozi katikati ya mbavu inazama kila akivuta, ondokeni mara moja, mkiendelea kumpulizia njiani.

Leo jioni kaa naye umwombe avute mbele yako. Ukiona ukungu wa dawa unatokea puani au pembeni mwa midomo, ujue haijafika kifuani. Kisha rudi hapa utueleze, na utaje na idadi ya mara anazotumia ya bluu kwa wiki.