Programu ilishakamilika, mbona bado inabadilika?

Maswali ya safari hii yanahusu jambo moja: programu zinavyobadilika baada ya kuanza kutumika, na jinsi ya kuyapanga mabadiliko hayo ili mtu ajue anacholipia.

Kijana alinitengenezea programu ya mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi. Inafanya kazi vizuri, lakini kila mwaka anasema kuna kazi ya kulipia. Si alishamaliza? (Mwenye duka, Nakuru)

Alimaliza mlichokubaliana siku ile. Lakini biashara yako haikusimama siku ile, wala sheria za kodi. Kumbuka tarehe 1 Aprili 2020, Kenya iliposhusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha tarehe 1 Januari 2021 ikairudisha 16. Programu ambayo haikuwa na kosa lolote mwezi Machi ilianza kutoa risiti zisizo sahihi asubuhi ya Aprili.

Utasema ni kubadilisha namba moja tu. Sasa tazama: ukibadilisha namba tu, ankara ya Machi ukiichapisha tena mwezi Mei itatoka na asilimia 14. Mteja akirudisha rangi aliyonunua Machi, hesabu ya kumrudishia pesa haitalingana na alicholipa. Kwa hiyo programu inapaswa kujua kiwango gani kilitumika tarehe ipi, na hapo kazi imeshafika kwenye muundo wa hifadhidata, yaani mahali programu inapotunza kumbukumbu zake.

Meir Lehman, mtafiti aliyepitia IBM kabla ya kwenda Imperial College London, aligawa programu katika aina tatu mwaka 1980. Aina S kazi yake yote inaelezeka kikamilifu, kama kutafuta kipeuo cha pili. Aina P inatatua tatizo halisi kwa kukadiria. Kwa mfano, mchezo wa sataranji una sheria zinazojulikana, lakini hakuna kompyuta inayoweza kupitia michezo yote inayowezekana. Aina E imeshikamana na shughuli za watu. Yako ni E, na Lehman alionyesha kwamba programu ya namna hiyo isiporekebishwa mfululizo, manufaa yake hupungua. Kijana wako akuandikie kila badiliko limetokana na nini, hiyo ni haki yako kabisa.

Mwalimu anataka tugawe marekebisho ya programu katika makundi manne, lakini naona mengine yanaingia kila mahali. (Mwanafunzi, Dodoma)

Anza na sababu, msimbo (maagizo yaliyoandikwa ndani ya programu) baadaye. Mtafiti E. Burton Swanson alipendekeza makundi matatu mwaka 1976: kusahihisha, pale programu isipofanya ilichokusudiwa, kuendanisha, pale mazingira yanapobadilika, kama ile VAT, na kuboresha, pale watumiaji wanapotaka zaidi au kasi kubwa zaidi. Kundi la nne, kuzuia, limo pia katika kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 14764. Anayerekebisha leo programu inayohesabu muda kwa biti 32, ambayo hesabu yake itafurika, yaani itaishiwa nafasi, tarehe 19 Januari 2038, anazuia.

Ugumu unaouona ni wa kweli. Chukua badiliko moja katika programu ya hoteli: kurefusha nafasi ya namba ya simu kutoka tarakimu 10 hadi 15. Kama mkataba tangu mwanzo ulisema wateja wa nje wahudumiwe, hilo ni kusahihisha. Kama mwenye hoteli ameamua mwaka huu kupokea wageni wa kigeni, ni kuboresha. Msimbo ni uleule, herufi kwa herufi! Ndiyo maana mtafiti Ned Chapin na wenzake, mwaka 2001, waliacha kuuliza nia wakaangalia ushahidi wa kilichoguswa: nyaraka, msimbo, au utendaji anaouona mtumiaji. Walifikia aina 12. Naona njia yao inamfaa mkaguzi asiyeweza kumpata aliyeandika programu. Kwa mazungumzo na anayelipa, ya Swanson haijapata mshindani.

Na usiandike kwenye mtihani kwamba matengenezo mengi ni ya makosa. Lientz na Swanson waliuliza idara za kompyuta za taasisi 487, na katika matokeo waliyochapisha 1980 kusahihisha kulichukua takriban moja ya tano tu ya kazi. Zaidi ya nusu ilikuwa kuboresha.

Namba za matoleo ya programu, kama 2.4.1, zinamaanisha nini? (Msomaji, Tanga)

Kuna utaratibu ambao kila namba kati ya hizo tatu ina maana yake. Kwa watengenezaji wanaoufuata, ya mwisho ikipanda kuna hitilafu imerekebishwa, ya kati ikipanda kuna kipya kisichovuruga cha zamani, na ya kwanza ikipanda, soma maelezo kabla ya kusakinisha. Si wote wanaoufuata.

Mfumo unaweza kubadilika mpaka ukawa kitu kingine kabisa? (Msomaji, Mombasa)

M-Pesa ni jibu tosha. Majaribio yake ya mwaka 2005 yalilenga marejesho ya mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa, na huduma iliyozinduliwa Kenya Machi 2007 ikajengwa juu ya tabia hiyo. Novemba 2012 ikaja M-Shwari yenye akiba na mikopo. Kuhamisha seva kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka 2015 ni badiliko la aina nyingine kabisa: mtumiaji anapiga namba zilezile, lakini chini yake kila kitu kimehama. Makundi manne hayatoshi hapa, kwa sababu mfumo ulibadilisha maisha ya watu, na maisha hayo yakarudi kuubadilisha.

Fundi mpya anasema mfumo wa SACCOS yetu uandikwe upya wote. Tumwamini? (Katibu, Arusha)

Watafiti Keith Bennett na Václav Rajlich, mwaka 2000, walieleza hatua za maisha ya programu: kujengwa, kukua, kuhudumiwa kwa viraka vidogo, kuachwa bila matengenezo, na kufungwa. Mfumo hutoka kwenye kukua pale muundo wake unapoharibika au wanaouelewa wanapoondoka, na kurudi nyuma ni kazi ngumu sana. Mpe fundi badiliko moja dogo kwenye nakala ya majaribio, tuseme kuongeza aina ya mkopo. Likimalizika bila kuvunja hesabu za riba na marejesho, mfumo bado unakua na hakuna sababu ya kuutupa. Likivunja vitu vitatu mahali ambapo hakugusa, mwambieni aanze kuandika bajeti ya mfumo mpya.