Jibu: Hoteli imeleta mkataba wa usambazaji wa mwaka mzima, nisaini?

Mkuu, umesema hoteli inataka uisambazie sabuni ya maji, tishu na vifaa vya usafi, mzigo wa kama milioni 6 kwa wiki, na umeuliza kama mkataba bila muhuri wa wakili unasimama. Unasimama. Kwa kuuziana bidhaa, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, inadai ridhaa ya hiari, watu wenye sifa za kuingia mkataba, malipo halali na lengo halali. Wakili mlipe akusomee vifungu. Ukimlipa agonge muhuri tu, karatasi mbovu itabaki mbovu.

Kinachosahaulika ni ushuru wa stempu. Uliza TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kama mkataba wako unatozwa; ukitozwa, ulipie ndani ya siku 30 tangu kusaini. Usipoulipia, mahakama haitaupokea mkataba kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini yake, na wakili wa upande wa pili hilo ndilo jambo la kwanza atakaloinukia.

Angalia pia unasaini na nani. Jina lililoandikwa getini mara nyingi ni jina la biashara tu, na jina la biashara halishtakiwi. Anashtakiwa mwenye nalo. Fanya upekuzi BRELA (wakala wa usajili wa kampuni na majina ya biashara), uandike jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheti pamoja na namba ya usajili. Asaini mkurugenzi, au mtu mwenye azimio la bodi mkononi. Meneja manunuzi akisaini peke yake, siku mkikorofishana utaambiwa hakuwa na mamlaka. Unaweza kulishinda hilo mahakamani, ila utakuwa umeshapoteza muda na pesa.

Sasa malipo, maana hapa ndipo wasambazaji wadogo wanapofia. Umenukuu: "malipo ndani ya siku 30 baada ya ankara kuidhinishwa". Kuidhinishwa na nani, lini? Ankara inaweza kulala mezani kwa mhasibu miezi miwili na hoteli isiwe imevunja kitu. Badili iwe hivi: "Siku 30 zitahesabiwa kuanzia tarehe ankara ilipopokelewa. Pingamizi lolote liletwe kwa maandishi ndani ya siku 7, na kiasi kisichobishaniwa kilipwe kwa wakati wake."

Piga hesabu. Ukitoa ankara mwisho wa mwezi na kulipwa siku 30 baadaye, mzigo wa wiki ya kwanza unakaa nje karibu siku 60. Kufikia hapo umeshapeleka mizigo 8 au 9, yaani milioni 48 hadi 54 za mtaji wako. Kama umesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ritani, yaani taarifa ya kodi hiyo, ni kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa mauzo ya wiki nne, milioni 24, VAT ni milioni 4.32, ukitoa uliyolipa kwenye manunuzi, na TRA haisubiri hoteli ikulipe. Kwa hiyo dai ankara ya kila wiki. Bei nayo iandikwe wazi ni pamoja na VAT au bila VAT, kwa sababu ukiibeba 18% yote kwenye faida ya 12%, unaisambazia hoteli kwa hasara.

Kodi ya zuio, ile anayokata mnunuzi kabla ya kukulipa: 5% ni ya huduma, si ya bidhaa unazoiuzia kampuni binafsi. Ukichanganya sabuni na "huduma ya usafi" kwenye mstari mmoja wa ankara, mhasibu atakata 5% kwenye jumla yote. Tenganisha mistari. Wakikata, dai cheti cha zuio.

Hati ya kupokelea mzigo ndiyo silaha yako, na wengi wanaichezea. Iwe nakala tatu, iwe na namba ya oda, idadi na ujazo ("dumu 40 za lita 20", usiandike "sabuni"), tarehe na saa, jina kamili la mpokeaji, cheo, saini na muhuri wa stoo. Kisaini cha kuchorachora kisicho na jina kitakanwa. Mkataba useme bidhaa yenye kasoro iripotiwe ndani ya saa 48, la sivyo imepokelewa.

Adhabu ya kuchelewa wameweka 1% ya thamani ya mkataba kwa siku. Mkataba wote ni kama milioni 312, hivyo mzigo wa milioni 6 ukichelewa siku moja unadaiwa milioni 3.12! Ni kweli kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema mahakama itatoa fidia ya kadiri isiyozidi kiasi kilichotajwa, lakini wao hawataenda mahakamani, watakata kwenye ankara yako. Dai 0.5% ya mzigo uliochelewa, isizidi 10% ya mzigo huo.

Bei ya dola wasikuwekee. Tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza bidhaa na huduma za ndani kupangiwa bei na kulipwa kwa fedha za kigeni. Weka shilingi, pamoja na kifungu cha kurekebisha bei malighafi ikipanda zaidi ya 5%. Usitegemee kifungu cha "dharura" kikuokoe; kupanda kwa gharama peke yake hakukuondoi kwenye mkataba.

Kuvunja kwa notisi ya siku 30 kubali, ila waandike kwamba watanunua chupa zote zenye nembo yao zilizobaki stoo kwako. Chupa hizo hauzii mtu mwingine.

Usuluhishi wa wasuluhishi watatu nje ya nchi ukatae. Gharama zake zitameza deni la milioni 40. Na ukija kudai, ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6. Wakikuambia "tunajua tunadaiwa, vumilia", waambie waandike na kusaini, kwa sababu ukiri wa maandishi unaanzisha hesabu ya muda upya.

Bandika kifungu chao cha kuvunja mkataba kama kilivyo, majina ufute, tukiangalie.