Usimpe huyo mzee dosiye yako, mdogo wangu

Usimpe. Nimesoma swali lako na mikono inanitetemeka. Unasema kompanyi ilikupunguza baada ya serikali ya Kongo kusimamisha usafirishaji wa madini ya kobalti nje mwezi wa pili 2025, na sasa mzee mmoja wa chama chenu cha mafundi hapa Lubumbashi anajisifu ana watu kila mgodi, kuanzia Fungurume mpaka Kolwezi. Anataka dola 200 za kufungua mlango, dosiye yako nzima ya vyeti mikononi mwake, na usimwambie mtu mwingine kwamba unatafuta, eti utavuruga mpango. Umeuliza pia kama wasifu wako wa LinkedIn uuandike kwa Kifaransa au Kiingereza. Hilo la LinkedIn lingoje kwanza. Huyo mzee ndiye atakayekumaliza.

Na mimi nilikuwa na mzee wangu. Suti safi, simu mbili mezani, kila mkurugenzi anamtaja kwa jina la utani kana kwamba wamelelewa nyumba moja. Akaniambia, "Mwanangu, hapa Katanga kazi haitafutwi, watu wanapewa." Nikatoa dola. Nikalipa na bia zake za Simba, jioni baada ya jioni. Pesa hizo nimeshazisamehe. Ninachoshindwa kukisamehe mpaka leo ni lile sharti la kunyamaza, kwa sababu nililitii. Watu niliofanya nao zamu za usiku, tuliokula bukari sahani moja kwenye kantini, wakinipigia kuniuliza habari nawajibu, "Niko sawa, mambo yangu yanaelekea." Mmoja wao aliniuliza wazi: "Uko huru kwa sasa?" Nikamwambia nimeshapata.

Sikuwa na kitu! Na yule ndugu hakuuliza kwa kupiga soga. Mkandarasi wake alikuwa ametoka kushinda kazi ya kutunza mota za mikanda inayobeba mawe, na patroni alimwambia alete fundi umeme anayemfahamu kabla ya Jumatatu. Tangazo halikubandikwa popote. Akaleta mtu mwingine, na huyo mtu bado yuko kazini. Nilikuja kuyajua hayo kwenye matanga, tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki. Aliponieleza nilishindwa hata kumeza maji.

Sasa sikiliza hii. Siku moja gari la mzee lilipata pancha njia ya Likasi, na mimi nilikuwa naye. Nikafungua buti kutafuta kriki ya kuinulia gari. Chini ya gurudumu la akiba kulikuwa na rundo la bahasha za kaki, nyingine zimelowa mafuta. Yangu ilikuwamo. Niliitambua kwa utepe wa bluu, ule wa kufungia nyaya, nilioufungia mwenyewe. Haikuwa imefunguliwa. Kuna vijana wa watu mle ndani, kila mmoja amepiga picha ya pasipoti, amelipia fotokopi, na nyumbani mama yake anamuombea. Mtu anayeweza kulala usingizi na bahasha zile kwenye buti hana haki ya kuitwa mzee na yeyote. Nasema hivyo kwa hasira, na sitaifuta.

Ona kazi inavyotembea huku kwetu. Sheria ya ukandarasi mdogo, yaani kazi ambazo kompanyi kubwa inaipa kompanyi nyingine iifanyie, ya tarehe 8 Februari 2017 inataka kazi hizo zishikwe na kompanyi ambazo sehemu kubwa ya mtaji wao ni ya Wakongomani. Ndiyo maana kuna vikompanyi vingi vidogo vinavyopokezana mikataba migodini. Kikompanyi kikishinda, kinataka watu haraka, na patroni hana muda wa kusoma dosiye mia. Anamgeukia msimamizi wake wa zamu: unamjua nani? Msimamizi naye anataja aliyefanya naye kazi, anayekumbuka kwamba hakuunguza mota ya mtu. Jina lako linatajwa pale, kwenye shantye, mahali pa kazi penyewe, na fundi mwenzako mwenye ovaroli. Mkurugenzi hata hajui kama nafasi imefunguka.

Na haya si ya Katanga peke yake. Mmarekani Mark Granovetter alichapisha mwaka 1973 utafiti wa watu wa karibu na Boston waliopata kazi kupitia mtu. Waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra sana. Maana yake, anayekuletea kazi ni yule mliyepotezana tangu mkataba wa Kolwezi uishe. Rafiki wa kila siku anajua habari zilezile unazozijua wewe.

Kwa hiyo shika hili moja hata ukisahau mengine yote: kila mtu uliyewahi kufanya naye kazi ajue kwamba uko huru, na ajue kutoka kinywani mwako. Mkandarasi, mtunza stoo, dereva wa basi la wafanyakazi, wote. Na usiwaombe kazi. Ukimwomba mtu kazi ambayo hana, ataona aibu, atakukwepa. Muulize habari. Andika hivi:

"Yambo kaka. Tulikuwa zamu moja, upande wa mapampu. Mkataba wangu umeisha, bado niko kwenye mota na kabati za umeme. Huko kwenu matengenezo yameshikwa na nani mwaka huu?"

Basi. Usiambatishe kitu. Hilo ni swali analoweza kulijibu akiwa amesimama kwenye foleni ya basi. Akishakujibu, uliza nani anasimamia mafundi na kama unaweza kutaja jina lake ukimpigia. Dosiye utaitoa ikiombwa na mwenye kazi, na utaifikisha wewe mwenyewe. ONEM, ofisi ya serikali ya ajira, pia kajiandikishe, lakini usiende ukakaa kungoja.

Hukusema kama dosiye umeshaitoa. Kama iko kwake, kaichukue, na usimpe sababu yoyote. Kama ndani umeweka diploma yenyewe na si fotokopi, usingoje kesho, nenda leo usiku na kaka yako mkubwa.