Jibu: Oksijeni lita 5, oksimita bado inasoma 84

Habari dada. Umeuliza kama uongeze oksijeni kwa mama aliye kwenye lita 5 kwa dakika kwa mipira ya puani, na oksimita (kipimo cha kidoleni cha oksijeni kwenye damu) imegoma kwenye asilimia 84.

Mwangalie yeye kwanza. Kama anahema kwa shida au hamalizi sentensi, mkalishe, mwite daktari wa zamu papo hapo na uandae maski yenye mfuko iliyounganishwa na mtungi wa oksijeni, lita 10 hadi 15 kwa dakika.

Kama ametulia na anaongea vizuri, tazama vidole. Akina mama wengi hapa Dar wana piko au rangi ya kucha, na hizo huweza kuidanganya oksimita. Tafuta kidole kisicho na rangi, hata cha mguuni. Kisha fuata mpira kwa mkono wako kutoka puani hadi kwenye mashine ya oksijeni. Mara nyingi nimeukuta umebanwa na gurudumu la kitanda, au kifuniko cha chupa ya maji ya kulowanisha oksijeni hakijakaza, povu halionekani kabisa.

Vyote vikiwa sawa, mpigie daktari, usipandishe kimyakimya. Oksijeni ni dawa. Akiwa na ugonjwa sugu wa mapafu, lengo ni oksimita isome asilimia 88 hadi 92. Andika kwenye faili lita, kifaa na saa.